Mfuko wa Ndani Usiguswe

Kila Ijumaa saa nne asubuhi Atuganile alichoma barua za watu, na kwa muda mrefu usingizi wake haukupungua hata dakika moja kwa ajili hiyo. Alikuwa na pipa la kazi hiyo nyuma ya bohari pale Mbeya, limetobolewa pembeni ili lipate hewa, na alikuwa na waraka wa makao makuu uliobandikwa ukutani kumpa ruhusa. Hata alijisifu. Tangu aajiriwe na Rampu hakuwahi kuchelewesha moto hata Ijumaa moja.

Rampu ndilo jina ambalo watu waliliita Shirika la Ranchi na Mpunga. Ofisi kuu ilikuwa Mlandege, Iringa mjini. Ng'ombe na mashamba vilikuwa bondeni Usangu. Katikati yake vituo vilijipanga kandokando ya barabara kuu: Mafinga, Nyololo, Makambako, Igawa, Chimala, na mwisho Mbeya alikokaa Atuganile na funguo zake. Bondeni posta hakuna, kwa hiyo barua za wafanyakazi na jamaa zao zilipanda malori ya shirika ndani ya mifuko ya turubai, iliyofungwa kwa kamba ya katani na kupigwa lakiri.

Kila mfuko ulining'inizwa kadi, na kadi hiyo ilikuwa fahari ya Ndugu Liberatus Kalinga, mkuu wa usafirishaji. Mwaka 1971 gunia la mbegu za maharage, lililoandikwa anwani mbili zinazogombana, lilizunguka kati ya Iringa na Mbeya miezi minane, kila kituo kikimsukumia mwenzake, mpaka mkurugenzi mwenyewe akalikuta Makambako limeota majani. Kalinga aliitwa ofisini akatoka jasho linamtiririka. Wiki iliyofuata alileta kadi yenye meno pembeni. Mfuko ukipita kituoni, karani anakata jino moja kwa mkasi. Meno yakiisha kabla mfuko haujafika kwao, kadi imekuwa kibogoyo, na mfuko wenye kibogoyo hausogezwi tena wala haufunguliwi. Unachomwa hapo hapo ulipo. Mfuko wa Mbeya ulipewa meno saba. Wa Usangu ulipewa matano, kwa sababu toka Mlandege mpaka bohari ya Usangu vilikuwa vituo vinne tu, na jino moja la akiba.

Haikuwa kadi ya kipumbavu, tusimwonee mtu. Toka siku ile hakuna maharage yaliyoota tena barabarani. Atuganile aliipenda kwa namna binti wa kanisa la vilima vya Tukuyu anavyopenda kitu chochote kilichonyooka.

Halafu masika ya 1974 yakabeba daraja la Igawa, lile la kuingilia bondeni. Ikabidi mfuko wa Usangu upite njia ndefu: ukatiwa ndani ya mfuko mkubwa wa Mbeya, ukavuka Igawa, ukavuka Chimala, ukafika kwa Atuganile, ili yeye autoe na kuupakia kwenye Landrova ya Lutengano inayoshuka Usangu kila Ijumaa mchana kwa barabara ya Igurusi. Hivyo ndivyo ilivyopangwa. Lakini kila alipofungua mfuko mkubwa, Atuganile aliukuta ule mdogo ni kibogoyo. Basi akauchoma. Mifuko sita, tangu Aprili mpaka Julai, maana wa Usangu haukuja kila wiki. Hakujiuliza hata mara moja.

Siku ya Alhamisi, wiki ya pili ya Julai, mwanamke mmoja aliingia bohari bila kubisha hodi. Alikuwa mrefu, kajifunga kaniki, miguu ina vumbi mpaka magotini, na nywele zake zilikuwa nyingi, hazijachanwa, zimesimama kwa makusudi kabisa.

"Mwangaluka, dada," alisema. "Mimi Shija. Mke ya Bujiku, mchungaji wenu. Mjane mimi hapana."

"Karibu, mama. Nani kakuita mjane?"

"Wote."

Akakaa juu ya gunia la chumvi, akaeleza. Bujiku alianza kukohoa damu mwezi wa kumi na mbili, shirika likampeleka hospitali Iringa, akaambiwa dawa ni ya miezi mingi. Aliondoka akiahidi kuandika kila mwezi. Kusoma hajui, lakini angemwomba nesi aandike, na chini yake angechora kwa mkono wake chapa ya ng'ombe zake, duara lenye pembe mbili, ambayo kila Msukuma wa Usangu anaijua hata akiiona kwenye giza. Barua mbili zilikuja kabla ya masika. Kisha kimya. Shija naye alituma zake tatu kupitia bohari ya Usangu, hakupata jibu. Mwezi wa sita akapita mtu mmoja mnunuzi wa ngozi, akasema kasikia kuna mchungaji wa Rampu kafia wodini.

"Shemeji yangu Seni akalia sana. Si mtu mbaya, Seni. Akasema tuweke matanga. Sasa Jumamosi hii ndiyo wanamaliza. Watanyoa wote, na mimi ninyolewe, nikishanyolewa mimi nimekuwa mke ya Seni, ng'ombe zote za Seni, na Bujiku kafa kabisa, hata kama anakula ugali huko Iringa." Akagusa nywele zake. "Mimi nimesema hapana. Wameleta wembe mara mbili. Nikawaambia, leteni kwanza barua ya kifo. Wakasema, na wewe lete ya uzima. Basi nimekuja. Iko wapi?"

Atuganile alifungua mdomo kusema hakuna barua ya Usangu iliyofika. Ndivyo alivyozoea kujibu. Lakini macho yake yalikuwa yameshatangulia dirishani, kwenye pipa.

"Nimezichoma mimi," alisema.

"Umechoma nini?"

"Barua zenu. Mifuko sita. Waraka unasema nichome, nikachoma."

Ungetegemea kilio, au kofi, na Atuganile alikuwa tayari kwa yote mawili. Shija aligeuza shingo, akalitazama pipa dirishani.

"Kwa hiyo zilikuwa zinakuja," alisema.

"Zilikuwa zinakuja barua za bondeni. Kama ya Bujiku ilikuwemo sijui, mama. Sikuifungua mifuko. Siwezi kukudanganya tena."

"Mtu amekufa haandiki. Zilikuwa zinakuja." Akajisogeza juu ya gunia kama mtu anayehamia. "Leo kuna gari?"

"Saa tisa."

"Nasubiri."

Lori lilifika saa tisa na nusu, limecheleweshwa na malori ya reli ya Wachina yaliyojaa barabarani toka Makambako. Atuganile aliufungua mfuko mkubwa mezani. Kadi yake ilikuwa na meno mawili, sawasawa na inavyotakiwa: saba, toa vituo vitano. Akautoa mfuko wa Usangu. Kibogoyo. Safari hii hakuugeukia mlango wa nyuma. Alivuta kiti akaitazama kadi ile kwa mara ya kwanza kama mtu anayesoma.

Meno matano yamekatwa. Mafinga, Nyololo, Makambako, Igawa, Chimala. Vituo vile vile vitano vilivyokata kadi ya nje. Akaitazama lakiri ya mfuko mkubwa na kuona ina matabaka, nta juu ya nta, kama kidonda kinachotoneshwa kila kikikaribia kupona. Walikuwa wanaufungua kila kituo! Wanafungua mfuko mkubwa, wanautoa mdogo, wanaukata jino na huo, wanaurudisha, wanapiga lakiri upya. Kwa bidii. Kwa mikono safi. Mfuko ambao haukukanyaga chini toka Mlandege ulikuwa umelipishwa safari yote, na ulipofika mahali safari yake inapoanza hasa, hauna hata jino la kutafunia.

Hasira ilimpanda, na kwa haki kabisa ilianza na yeye mwenyewe. Alikuwa na mkasi, alikuwa na macho, alikuwa na darasa la kumi na mbili. Mifuko sita.

Akaiwasha redio koli.

"Nyololo, Nyololo, Mbeya hapa. Ova."

"Kamwene, dada Atuganile," ilijibu sauti ya Lea, karani wa Nyololo. "Nakusikia. Ova."

"Lea, mfuko wa Usangu ukiwa ndani ya mfuko wa Mbeya, unaukata jino?"

"Nakata. Waraka si unasema kila kadi inayopita kituoni ikatwe? Na mkaguzi anahesabu vipande kwenye kopo, dada. Vikipungua nakatwa mimi. Ova."

"Lea, ukimbeba mwanao mgongoni toka Nyololo mpaka Makambako, anayechoka miguu nani?"

"Mimi."

"Basi kata kadi ya aliyetembea. Aliyebebwa mwache alale. Kazi yake inaanza akishushwa."

Redio ilikwaruza. Vituo vyote vilikuwa masafa yale yale, na hakuna karani barabara nzima aliyekuwa na kazi muhimu kuliko kusikiliza. Kisha ikaingia sauti nzito ya Mlandege.

"Mbeya, nani amekupa ruhusa ya kufundisha watu hewani? Ova."

Alikuwa Kalinga. Atuganile alisimama wima, mazoea ya kazi, kisha akakasirika kwamba amesimama, akakaa tena.

"Ndugu Kalinga, mifuko ya Usangu inakufa yote kwangu tangu Aprili. Na inayopanda, kwa hesabu hiyo hiyo, inakufa Mafinga, ndiyo maana hujapata hata lalamiko moja. Malalamiko yameungua. Ninao mmoja hapa mezani, naomba kibali uteremke kesho na Landrova."

"Una meno mangapi?"

"Hauna."

"Basi kibogoyo ni kibogoyo. Choma."

"Sichomi."

"Rudia, Mbeya."

"Sichomi, Ndugu Kalinga. Nimerudia. Ova."

Mahali fulani, pengine Makambako, mtu alikohoa kuficha kicheko. Kalinga alianza kueleza kwa utulivu, maana hakuwa mtu wa kufoka, na hilo lilimfanya awe mgumu zaidi. Tukiacha mifuko ya ndani bila kukatwa, alisema, kesho kutwa mfuko utajificha ndani ya mwenzake na kuzunguka miaka, na maharage yataota tena, na safari hii shingo itakayokatwa si ya mwingine ni yangu.

"Hauwezi," Atuganile alimkatiza. "Mfuko wa nje una meno yake. Yakiisha, unaungua wa nje na wa ndani pamoja. Utazungukaje milele ndani ya kitu kinachokufa? Ulitengeneza kadi nzuri, Ndugu. Ila uliitengeneza kwa mfuko unaotembea peke yake."

"Nani amekuagiza kufikiri?"

"Hakuna. Nimejitolea."

"Ukiutoa mfuko huo bohari, hesabu huna kazi."

Atuganile aliangalia gunia la chumvi. Shija hakuwa anaelewa nusu ya maneno yale, lakini alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili na hakutikisika.

"Niandikie," alisema Atuganile.

"Nakwambia sasa hivi!"

"Maneno ya redio yanapeperuka. Niandikie barua, Ndugu Kalinga, kama watu wengine wanavyoandikiwa. Kesho nateremka Usangu. Nitumie huko huko, bohari ya Usangu. Siku itakayonifika mkononi, nakabidhi funguo. Vituo vyote, mfuko wa ndani usiguswe. Mbeya namaliza."

"Sijatoa amri hiyo!" redio ilinguruma. Halafu, taratibu, sauti ya Lea: "Nyololo nimepokea." Na nyingine, ya mwanamume asiyependa kugombana: "Makambako nimepokea." Atuganile akaizima redio.

Ijumaa saa nne pipa lilibaki baridi.

Tatizo lililofuata lilikuwa Lutengano, dereva, mtu mwema mwenye watoto sita na hofu moja kwa kila mtoto. Aliuona mfuko, akaona kadi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kibogoyo mimi sibebi, dada. Nimesikia jana. Ukurasa wa mzigo utasainiwa na nani?"

"Usiandike kwenye ukurasa wa mzigo. Mimi ni abiria, huyu ni abiria, na huu ni mzigo wangu wa mkononi."

"Mzigo wa mkononi una lakiri ya shirika!"

"Kila mtu na mapambo yake, Lutengano. Washa gari."

Wakaondoka saa sita mchana, wanawake wawili kiti cha mbele, mfuko magotini mwa Atuganile. Walipopita Igurusi na kukata kushoto kuelekea bondeni, Shija aliuliza lile alilokuwa analimeza tangu asubuhi.

"Dada. Ufungue. Tuone kama yumo."

"Siwezi."

"Kamba hiyo tu. Mimi nafungua kwa meno."

"Mama Shija, nisikilize. Mafinga wameufungua wakidhani wanafanya vizuri. Nyololo wameufungua, Makambako, Igawa, Chimala. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri, na barua zenu zimeungua kwa sababu nzuri. Nikifungua na mimi, nimekuwa wa sita. Huu unafunguliwa Usangu, na karani wa Usangu, mezani kwake."

"Na kama hayumo?"

Atuganile aliona aibu kwa ukaidi wake, lakini hakulegeza mikono. Shija aligeuka upande wa dirisha, akanuna mpaka jua lilipoanza kuinama juu ya nyasi za Usangu. Kisha akaweka mkono wake mmoja juu ya mfuko, karibu na mkono wa Atuganile, na wakaushika pamoja mpaka mwisho wa barabara.

Tadeo, karani wa bohari ya Usangu, aliufungua Jumamosi saa moja asubuhi. Kwanza aliutazama kama mtu anayeona ng'ombe aliyeibwa akirudi mwenyewe zizini. Miezi mitatu hajaona barua, alidhani Iringa wamewasahau. Aliikata lakiri, akamwaga. Barua kumi na nne. Akaanza kuzisoma majina, moja moja, kwa sauti ya polepole inayoudhi, na alipofika ya tisa Shija alimnyang'anya.

Nyuma ya bahasha palikuwa na duara lenye pembe mbili.

Hakuifungua. Aliiweka kifuani, akatoka, akaanza kutembea, kisha kukimbia, na Atuganile, ambaye hakuwa amekimbia tangu shule, alimfuata akishikilia sketi yake katika njia ya ng'ombe zaidi ya nusu saa.

Walikuta boma limejaa. Wanawake walikuwa wameshaloweshwa vichwa. Seni, mwanamume mnene mwenye macho mekundu, alikuwa amekaa kigodani, upande mmoja wa kichwa chake ukiwa mweupe na upande wa pili bado una nywele, na mzee mmoja kasimama nyuma yake na wembe.

"Umerudi," Seni alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. "Kaa, shemeji. Tumalize. Mimi pia sipendi."

Shija alimwendea yule mzee akautwaa wembe mkononi mwake. Watu waliguna. Wengine walidhani ameamua kujinyoa mwenyewe, na mama mmoja alianza wimbo wa kilio. Shija akaitoa bahasha, akaipasua juu kwa wembe ule ule, akamkabidhi Seni karatasi iliyokuwamo. Seni hakujua kusoma. Lakini chini ya maandishi ya nesi palikuwa na alama, imechorwa kwa mkono mzito uliokandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka, na hiyo aliisoma. Aliisoma kwa kidole, kuzunguka duara, kupanda pembe ya kwanza, kupanda ya pili.

"Kaka," alisema, na uso wake ukavunjika.

Atuganile ndiye aliyewasomea.

"Kwa mke wangu Shija. Hii ni barua ya tano toka daraja liondoke. Nne hujanijibu. Hapa wodini wananiambia mke wangu amekufa au ameolewa, wananiambia ninyoe, niache kusubiri. Kuna mchungaji mwenzetu alikufa mwezi wa tano, walimnyoa ndugu yake hapa hapa, wakanitazama na mimi. Nimekataa kunyoa. Daktari anasema damu imekoma, bado dawa ya miezi miwili. Kama upo, andika. Kama huwezi kuandika, weka alama tu nitajua. Mimi Bujiku."

Shija alikuwa amekaa chini, miguu kaielekeza mbele kama msichana.

"Na yeye kakataa kunyoa," alisema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na nywele zile zote zikatikisika. Seni naye, na nusu kichwa chake, alicheka. Mzee wa wembe hakujua afanye nini na mikono yake.

Jibu liliandikwa pale pale, na kila mtu alitaka kuweka neno lake. Chini yake Shija alichora duara na pembe mbili. Tadeo alipoufunga mfuko wa kupanda, Atuganile aliandika kwa herufi kubwa juu ya kadi: MFUKO HUU UNABEBWA. KATA WA NJE. Akaangusha sahihi yake.

Hakurudi Mbeya. Alikuwa amesema atangoja barua yake Usangu, na akangoja. Alilala kwa mke wa Tadeo, akapanga upya rafu za bohari, akajifunza kunywa maziwa mgando bila kukunja uso. Ijumaa iliyofuata Lutengano alifika bila mfuko, lakini na habari zimemjaa mpaka kwenye masikio.

"Barua yako ya kufukuzwa ilikuja, dada. Kalinga aliitia mfuko wa Usangu, ndani ya ule wa Mbeya. Halafu kaita vituo vyote redioni kwamba waraka wa zamani ndio sheria, asisikilizwe mtu mwingine."

"Enhe?"

"Basi watu wakatii! Mafinga kakata. Lea anasema yeye alikata kwa utii mkubwa sana, hata alinoa mkasi. Igawa, Chimala, wote. Imefika Mbeya kibogoyo. Yule karani aliyeletwa mahali pako na funguo za akiba ni mtu wa sheria, akaitia pipani. Leo saa tano Kalinga anauliza redioni, barua ya Atuganile imepakiwa? Karani anajibu, hapana Ndugu, ilikuwa kibogoyo, nimechoma kama ulivyoagiza. Ee bwana! Barabara nzima ilinyamaza. Nadhani mpaka Wachina walinyamaza."

"Yeye akasemaje?"

"Hakusema. Tulimsikia anapumua tu."

Mfuko uliofuata ulikuja baada ya wiki moja nyingine. Lutengano aliushusha mwenyewe na kuuweka mezani kwa Tadeo kwa heshima zote. Atuganile aliangalia kadi. Mlandege walikuwa wameipa meno matano, na Mbeya walikuwa wamekata moja, walilostahili. Manne yaliyobaki yalikuwa mazima, yamenyooka, hayajaguswa na mkasi wa Mafinga, Nyololo, Makambako, Igawa wala Chimala. Kwenye lakiri hapakuwa na tabaka la pili.

Juu kabisa palikuwa na waraka mpya wa Ndugu Kalinga. Mfuko uliobebwa ndani ya mwingine, ulisema, kadi yake isikatwe wala lakiri yake isiguswe mpaka utakapotolewa. Vituo vya njiani vikate kadi ya mfuko wa nje peke yake. Jina la Atuganile halikutajwa popote. Tadeo aliubandika ukutani huku akisonya.

Shija alikuwa mlangoni tangu alfajiri pamoja na watu wengine wa mabomani, safari hii nywele zake zimesukwa. Atuganile aliita majina. Alimpa Shija yake, yenye pembe mbili nyuma, nene kuliko ile ya kwanza. Aliwagawia wote mpaka ikabaki moja, bahasha ya kahawia ya ofisi, imepigwa chapa, jina lake na mahali alipo vimeandikwa bila kosa hata moja.

Alichukua mkasi wa Tadeo. Akakata jino la Usangu kwenye kadi, akalitia ndani ya kopo. Kisha akaifungua bahasha, akasoma karatasi yote hadi sahihi, akaikunja. Akatoa mfukoni shada la funguo za Mbeya na kuliweka mbele ya Lutengano.

"Dada," Shija aliuliza, barua yake mwenyewe bado haijafunguliwa kifuani, "yako inasemaje?"

"Inasema imefika," alijibu Atuganile.